Wavu Mbele ya Boneti

Kashindye wa Mirongo alikuwa na ugonjwa mmoja: kukaza. Alizaliwa Kisesa, kwa baba mtengeneza ngoma, na tangu utotoni aliambiwa kwamba ngozi iliyolegea ni aibu ya ukoo. Alipohamia mjini, mtaa wa Mirongo, akawa fundi wa kushona viti vya magari, imani hiyo alihama nayo. Kiti cha Kashindye ukikigonga kinalia, na abiria waliteleza juu yake kila dereva aliposhika breki. Watu walimtania, lakini kazi walimletea, maana uzi wake haukuwahi kufumuka.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, viwanda vya samaki vimechipuka ufukweni kama uyoga, na kila mwenye gari la mzigo anasomba sangara. Asubuhi moja Bedford kuukuu, ile aina yenye pua ndefu, ikasimama mbele ya kibanda chake. Akashuka mama mmoja mrefu, mwembamba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Umeleta viti?"

"Siyo viti. Njoo uone huku mbele."

Huyo alikuwa Akelo, Mjaluo wa Shirati, mjane wa Obiero. Gari lilikuwa la marehemu. Kabla ya kufa, Obiero aliipaka boneti rangi ya buluu kwa mkono wake, kisha akaandika juu yake kwa rangi nyeupe: AKELO USICHOKE. Herufi zilipinda huku na huku, kwa kuwa Obiero hakuwa mchoraji hata kidogo. Lakini mkono wake haukuacha kitu kingine duniani, na sasa hicho nacho kilikuwa kinakwisha. Njia za mialoni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, zilikuwa changarawe tupu, na kila lori lililotangulia lilirusha kokoto. Wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka majini kama moshi, walijibamiza kwenye boneti kwa maelfu, wakakaukia hapo juani. Ukiwasugua, wanatoka na rangi.

"Odongo anasema tupige rangi mpya," Akelo alisema, akimwonyesha kwa kidevu mdogo wake aliyekuwa kwenye usukani. "Nimemwambia, akigusa hapa tutagombana mpaka kufa. Nisaidie, fundi. Haya maandishi yakifutika, nitakuwa nimemzika mume wangu mara ya pili."

Kauli hiyo ilimwingia Kashindye. Alishona koti la turubai, akaivisha boneti, akalibana hata sindano isingepenya. Kokoto hazikupita, wadudu hawakupita. Akelo akashukuru, akaenda zake. Safari chache baadaye akarudi amenuna.

"Fundi, umenifichia mume wangu."

Kumbe mialoni, gari lilipotokeza tu, wavuvi walizoea kuyasoma yale maneno kwa sauti na kumwita. Sasa waliona turubai, wakanyamaza. Tena vumbi lililopenya pembeni lilikuwa limeanza kusaga rangi kama msasa. Kashindye akalivua koti bila ubishi, akaanza kukuna kichwa.

Alichokibuni safari hii kilikuwa cha akili kweli. Alichomelea fremu ya nondo kwenye bampa, ikasimama mbele ya boneti, akaitandazia wavu wa dagaa wenye matundu madogo. Wadudu wangenasa kabla ya kufika, na maandishi yangesomeka vilevile. Kisha, kwa kuwa alikuwa Kashindye, akaukaza. Akaukaza mpaka ukalia kwa ncha ya kidole, naye akatabasamu kama mtu aliyemsikia baba yake.

Kokoto ya kwanza, kwenye njia ya Kigongo, iliupasua wavu huo katikati na kuimega herufi ya kwanza ya jina la Akelo.

Bedford iliporudi, Kashindye alitazama bati tupu pale palipokuwa na rangi, akakaa chini mavumbini. Alikuwa mtu mzima na jina lake mjini, lakini siku hiyo alitaka kulia, na nadhani hata wewe ungetaka. Alingoja matusi. Akelo hakutukana. Aliinama, akaushika ule wavu uliochanika.

"Fundi, nani alikufundisha kutega wavu namna hii?"

"Mbona nimeukaza vizuri, mama!"

"Hapo ndipo ulipokosea. Mimi nimekulia kwenye nyavu. Wavu uliokazwa unapasuka. Ulegee, ndipo ushike. Legeza."

Kulegeza! Afadhali angeambiwa apite sokoni bila suruali.

"Watu wataona, watasema Kashindye amezeeka."

"Waache waseme."

Akalegeza. Kila Akelo alipogeuka, mikono ya fundi ilianza yenyewe kuvuta kamba, naye alipogundua aliipiga kofi. Mwishowe wavu ukaning'inia kama shavu la bibi kizee. Mirongo nzima ikacheka: tazameni lori linaloenda kuvua nchi kavu!

Lakini kokoto zilipogonga, wavu ulirudi nyuma kidogo, ukazimaliza nguvu, zikaanguka. Wadudu walinasa, na pale Kigongo, wakati wa kungoja kivuko, Odongo aliukung'uta na kuku wakaja mbio. Haukupita muda madereva walewale waliocheka wakaanza kumiminika kibandani. Kashindye aliwafungia wote nyavu zilizolegea, naye akamwambia kila mmoja waziwazi kwamba maarifa yale ni ya Mama Adoyo, kama alivyozoea sasa kumwita Akelo, kwa jina la binti wa mama huyo. Hapo ndipo mtu anapomvulia Kashindye kofia. Ni mafundi wangapi wa umri wake wangekubali kufundishwa kinyume cha damu yao, halafu wakatangaza?

Kabla miaka ya tisini haijaisha, injini ya Bedford ilikufa. Akelo aliliuza gari kama chuma chakavu, isipokuwa boneti. Kashindye mwenyewe aliifungua, akaisindikiza mpaka Shirati, wakailaza juu ya kaburi la Obiero. Maandishi yalisomeka, ila lile pengo moja la herufi ya kwanza lilionekana.

Kashindye alikuwa amekuja na wavu mpya. Akautoa, akaanza kupima ukubwa wa kaburi. Akelo akamshika mkono.

"Acha, kaka yangu."

"Mvua itaiharibu, Mama Adoyo. Na jua."

"Iharibike. Watoto wamekua, nyumba imesimama. Sasa mwache naye apumzike."

Fundi alitaka kubisha, akaacha. Aliukunja wavu polepole, akakaa karibu na yule mama. Jioni hiyo mvua ilinyesha, ikaipiga boneti kwa kishindo, na hakuna kati yao aliyeinuka kuifunika.