Taa Tatu na Redio

Friji yangu ina mvumo. Si wa kuharibika. Fundi kishaitazama mara mbili, na mara zote mbili alinitazama mimi zaidi kuliko alivyoitazama friji. Ni mvumo wa kawaida tu, mmmm, kama wa mtu anayesoma uradi kaufumba mdomo. Wenzangu wanasema hawausikii. Mimi, ambaye safari yangu ndefu kwa wiki ni kutoka jikoni hadi barazani na kurudi, nina wasaa wa kusikia kila kitu. Umeme ukikatika, mvumo ule ukakoma ghafla, malaika ya mikono hunisimama na pua hunusa mafuta yaliyoungua ambayo hayapo. Basi hukaa chini. Nakwambieni nyinyi tu. Mume wangu nimemwambia ni presha.

Kijiji chetu kiko nyuma ya Vitongoji, nyumba thelathini na kitu, na nilikuwa darasa la sita uvumi ulipokuja kwamba tutaletewa umeme. Vitu vya umeme vilifika kabla ya nguzo. Nusu ya kijiji ina ndugu Maskati, na ndugu wa Maskati akisikia neno umeme hana subira. Ami Hemed, kaka yake baba, alituletea friza jeupe refu kama jeneza la mtu mzima. Mama alilifunika mkeka, akalitia chumba cha ndani, akaweka humo unga, mchele na nguo zetu za sikukuu, na kila Ijumaa akalifukizia udi ili macho ya watu yasilifikie.

"Kitu kikitajwa huota miguu," alikuwa akisema. Ndiyo iliyokuwa dini ya pili kijijini kwetu. Kila mtu alijua mwenzake kaletewa nini, kwa kuwa vyote vilikuja na gari moja ya ng'ombe, lakini kuuliza ilikuwa utovu wa adabu, na kujibu ilikuwa wazimu.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi yoyote, hitma yoyote, aliitwa yeye kukadiria sufuria. Aliuliza watu wangapi, akatoa wagonjwa na wavivu wa kutembea, akaongeza wanaokuja na watoto bila kusema, kisha juu ya yote akatia vibaba kadhaa alivyoviita fungu la asiyealikwa. "Pana mmoja siku zote," alisema. "Usimjue jina, lakini mpikie." Hadi wakati ule sufuria yake haikuwahi kupunguka hata siku moja. Likumbukeni hilo.

Jirani yetu alikuwa Bi Time, mjane, na mwanawe Mize, ambaye tulizaliwa mwezi mmoja. Mize alikuwa na sukari, ile ya kudungwa sindano. Dawa yake ilitaka ubaridi, na ubaridi kwetu haukuwapo, kwa hivyo alikaa Wawi kwa shangazi yake, karibu na hospitali, akija kwetu siku moja moja kama mgeni. Bi Time alinunua friji ndogo, mkweche, mlango wake ukifungwa kwa kamba. Aliiweka ukumbini, wazi, kila apitaye aione. "Umeme ukija tu," alisema, "mwanangu anarudi kulala kwangu." Sisi sote tulikuwa tunangojea umeme. Yeye alikuwa anangojea mtoto.

Siku moja akaja mpimaji wa umeme kutoka mjini Chake, Bwana Ussi, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitaka mtoto wa kumpitisha nyumba kwa nyumba na kumwandikia, kwa maana yeye mwenyewe aliandika kama kuku anayeparura. Mwalimu akanitoa mimi. Hesabu sikuzijua, wala hadi nilipoishia kidato cha nne hazikunijua, lakini mwandiko wangu ulikuwa wa kutiwa fremu. Nikapewa daftari. Nilitembea siku ile shingo imesimama utadhani nyumba zote ni zangu.

Njiani alinieleza. Kwanza unajumlisha vyombo vyote: taa, pasi, friji, pampu. Halafu unapunguza, kwa kuwa watu hawawashi vyote kwa pamoja; huyu anapiga pasi, yule kalala. Halafu unaongeza robo kwa ajili ya kesho, maana watu huoa na hujenga. Jibu utakalolipata, unachukua transfoma inayofuata kwa ukubwa, kwa sababu zinakuja kwa saizi zake: ishirini na tano, hamsini, mia.

"Kama sufuria," nikasema.

Akacheka. "Kama sufuria hasa. Na ikiwa ndogo haikwambii leo. Inakwambia siku ya shughuli."

Nyumba ya kwanza: taa tatu na redio. Ya pili: taa tatu na redio. Kwa Mzee Faki, ambaye pasi yake mpya nilikuwa nimeiona kwa macho yangu: taa mbili, na redio ni mbovu. Bwana Ussi alisimama uani kwa Mzee Faki akaangalia kuku aliyeatamia ndani ya boksi kubwa la kadibodi lenye picha ya friji.

"Kuku wa huku wana friji, Mzee wangu?"

"Boksi tu, yakhe. Limeokotwa."

"Limeokotwa. Na lile pale?"

"Hilo nalo ni ndugu yake."

Kwetu mama alimpokea kwa chai na kashata. Alipomsikia akieleza habari ya kuongeza robo, alifurahi kweli. "Kumbe weye mpishi mwenzangu!" Kisha, kwa uso uleule, akamwambia taa tatu na redio, nami nikaandika kwa hati ya kupendeza, friza likiwa nyuma ya ukuta, hatua nne kutoka kwenye kiwiko changu.

Bi Time peke yake ndiye aliyesema kweli. Alimshika Bwana Ussi mkono akampeleka ukumbini. "Andika friji. Andika kwa wino mwingi. Hii ni ya dawa ya mtoto." Siku ya pili yake kisimani walimsema. Anajitapa. Friji ya kamba, eti naye anataka kuandikwa. Mama hakumsema, lakini hakuwanyamazisha.

Jioni Bwana Ussi alikaa juu ya gogo akajumlisha. Alijumlisha mara ya pili. Akafunga daftari, akanitazama.

"Mwanangu, weye hupita nyumba zote hizi. Hakuna kingine? Maana hiki nikiondoka nacho ndicho kitakacholetwa. Hapa ishirini na tano inatosha na inabaki. Lakini roho yangu inasema hamsini, na roho haina pa kuandikwa kwenye fomu."

Mama alikuwa mlangoni, akijifuta mikono kwa ncha ya kanga, polepole, vidole kimoja kimoja. Nilijua kila friza na kila pasi. Ningeweza kuyasoma majina yao kama mahudhurio ya darasa. Nikasema, "Hakuna, Bwana."

Mama akanipa kipande cha kashata. Wengine wameuza nchi kwa dhahabu. Mimi bei yangu ilikuwa nazi na sukari.

Transfoma ikaja, pipa la kijivu juu ya nguzo mbili, pembeni mwa kiwanja cha kuanikia karafuu. Usiku wa kwanza watu walilala taa zikiwaka, kwa hofu kwamba wakizizima hazitarudi. Na Mize akarudi kwao. Alitembea kijiji kizima akitoa salamu nyumba kwa nyumba kama aliyetoka kuhiji. Tulikwenda pamoja skuli, na tukirudi tuliegemeza masikio kwenye nguzo. Mmmm. Watoto wengine walisema ndani mna shetani. Mize akasema hapana, anasoma. "Anasoma kimyakimya, ili mama asiamke." Mafriza nayo yalifunuliwa, moja moja, kwa siri, kila nyumba ikidhani imefunua peke yake.

Ramadhani ya mwaka ule fyuzi zilikatika mara mbili. Mtu asiyejulikana, ambaye sote tunamjua, akatia waya mnene mahali pake, nasi tukamwombea dua.

Tulifunga thelathini, kwa hivyo hapakuwa na shaka ya mwezi. Kesho ilikuwa sikukuu. Baada ya alasiri kila nyumba ikatoa pasi. Mafriza yamejaa nyama na juisi, pampu ya msikiti inajaza birika, na pasi thelathini zinashuka kwa pamoja juu ya kanzu thelathini. Siku ya shughuli imefika: wageni wote walikaa kula kwa mara moja. Mimi nilikuwa napiga pasi gauni langu la manjano, nimemaliza upande wa kulia. Nikausikia mvumo ukipanda. Ukawa mguno. Ukawa kama ng'ombe anayechinjwa na kisu butu. Halafu paa! na moshi mweusi mnene, na harufu ile.

Kisha kimya. Sijui nikielezee vipi kimya kile. Tulikuwa tumeuzoea mvumo hata hatuusikii tena, na ulipokoma ndipo tulipojua kwamba siku zote ulikuwapo. Pasi ikapoa mkononi mwangu. Kutoka nyumba ya pili nilimsikia Bi Time akisema, taratibu, "Usifungue friji, Mize. Usifungue. Baridi iliyomo isitoke."

Siku ya sikukuu nilivaa gauni lililonyooka upande mmoja.

Bwana Ussi alikuja siku ya nne. Alipanda, akashuka, mikono imejaa mafuta. Hakugomba. Alikwenda akaangalia boksi la kuku kwa Mzee Faki, akaja mahali nilipokaa, akafungua daftari lilelile mbele yangu. Ukurasa mzima, mstari kwa mstari, taa tatu na redio, taa tatu na redio, na mahali pamoja tu, kwa wino mwingi, friji.

"Mwandiko mzuri," akasema. Akafunga daftari, akaondoka.

Transfoma nyingine isingekuja haraka. Zilikuwa na foleni yake. Mize akarudishwa Wawi na kikapu chake cha sindano. Nilimsindikiza hadi barabarani. Hakuwa amenuna. Hakujua kilichoandikwa daftarini, na mimi sikumwambia. Alisema, "Umeme ukirudi njoo uniambie. Usimtume mtu, njoo weye."

"N'takuja."

Alifia Wawi, mvua za masika, nyumbani kwa shangazi, homa ya siku tatu. Mama yake alikuwa njiani kwenda kumtazama. Hakuna daktari aliyesema transfoma, wala hakuna mtu kijijini aliyesema. Kwetu kitu kikitajwa huota miguu, na hicho hakuna aliyetaka kukiona kikitembea. Pengine angekufa hata akiwa kwa mama yake. Nimeshika hiyo pengine miaka yote hii, kama anayeshika kisu upande wa makali.

Hitma ya arubaini ilisomwa kwa Bi Time. Mama alipika. Tulikuwa tumeketi juu ya mikeka, juzuu mikononi, saa nne za asubuhi, na taa ya dari ikawaka. Hakuna aliyeinua macho. Ukumbini, friji ya kamba ikastuka, ikatetemeka, ikaanza: mmmm. Transfoma ya hamsini ilikuwa imefungwa asubuhi ile. Bi Time aliinuka, akapita katikati yetu akiomba radhi kwa kila goti alilolipita, akachomoa waya ukutani. Akarudi, akatafuta aya aliyoiacha.

Siku ile sufuria ya mama ilipunguka. Bi Time baadaye akafunga nyumba, akahamia Wawi, karibu na kaburi. Friza letu lilirudi kuwa ghala la unga, hadi likashika kutu. Na mimi Wawi sikwenda. Kwanza nilikuwa mtoto, halafu nilikuwa na aibu, halafu nikawa mtu wa nyumbani. Ukizoea kukaa ndani watu hukusifu kwa utulivu, nawe unaachia wakusifu.

Mwezi uliopita walikuja kupima upya, kijiji kimekua. Safari hii fundi ni msichana, kofia ngumu juu ya mtandio, anaandika kwenye simu. Nilimtajia kila kitu: friji, pasi, birika, feni nne, mashine ya kusagia viungo, hata chaja ya tochi. Jirani yangu Raya akanipigia kelele kutoka kwake: "Mauwa! Unatangaza mnada?"

"Andika na pasi mbili za huyo anayepiga kelele," nikasema. "Anazo. Nimeziona."

Akaandika, anacheka. Kisha akanyoosha kidole kwenye nyumba ya Bi Time. "Ile iliyofungwa niiruke?"

"Andika friji moja."

"Anakaa nani?"

"Hakai mtu."

"Sasa, bibi, friji ya nani?"

Nilimwambia ni fungu la asiyealikwa, akadhani natania, lakini aliandika. Alipoondoka ndipo nilipojua kwamba nimesema uongo tena. Mama alitufundisha kumpikia yule asiyetajwa jina. Mize hakuwa huyo. Katika kijiji kizima yeye ndiye mgeni pekee aliyetajwa, mbele ya watu, kwa wino mwingi, na fungu lililoliwa ni lake. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilidhani uongo wangu ni mdogo. Kila mmoja wetu alidhani hivyo, kwa kuwa kila mmoja alitegemea mwenzake atasema kweli.

Jumatatu wamewasha transfoma mpya. Nimesimama chini ya nguzo mpya, nimeegemeza sikio, mwanamke mzima, watoto wa skuli wananicheka. Mmmm. Nikarudi ndani nikavaa buibui.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akauliza, kikombe kimesimama hewani. Hajawahi kuniona na buibui siku isiyo na harusi wala msiba.

"Wawi."

"Kuna nini Wawi?"

"Pana mtu aliniambia nisitume mtu."