Mzigo wa Kushuka Nao

Mumewe alikuwa mpagazi wa mlimani, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na alikufa kwa kunywa maji. Hivyo ndivyo mjane wake alivyozoea kulieleza jambo hilo, kwa sentensi moja, bila kulipamba. Marehemu alirudi nyumbani akilalamika kichwa, akalala chumba cha nyuma chenye dirisha dogo, na mama yake mzazi akawa anamkanda kwa maji ya moto akidhani ni uchovu wa mizigo. Homa ikapanda, ikatulia kidogo, ikapanda tena. Walipomfikisha hospitali, utumbo ulikuwa umeshatoboka.

Daktari alimwita mke pembeni, kwenye korido, karibu na sinki lililokuwa likivuja.

"Ni homa ya matumbo, mama. Huko kazini kwake wanakunywa maji ya wapi?"

"Ya kijito. Alikuwa anasema ni matamu kuliko ya bomba."

Daktari alishusha pumzi. "Yana kinyesi cha watu. Hukioni kwa macho, lakini kimo."

Msiba ulipopoa, mama yule mjane alikwenda kwa kaka mkubwa wa marehemu. Huyu ndiye aliyeongoza kikundi cha kupandisha wageni mlimani; wapagazi walimwita Mkuu, na jina lilimkaa. Alimkuta stoo, amechuchumaa katikati ya mahema yaliyoanikwa, akishona mkanda wa begi. Akamwomba nafasi ya mumewe.

"Shemeji, mlimani si mahali pa kwenda kumlilia mtu," Mkuu alisema.

"Sijaja kulia. Nina watoto wa kulisha na mgongo haujanivunjika. Nipe mzigo."

Akampa vyombo vya jikoni.

Msafara ulipita msituni, ukapanda kwenye vichaka vifupi, mpaka ukafika pale ambapo miti inakoma na kubaki mawe matupu. Hapo ndipo palipokuwa na kambi ya juu. Kijito kilipita chini yake, chembamba, cheupe kama kioo. Mama alichukua dumu akaenda kuteka, lakini badala ya kuinama palepale akafuata maji kuelekea yanakotoka. Nyuma ya mawe makubwa, hatua chache tu kutoka ukingoni, akaona. Karatasi za chooni, nyingine mpya, nyingine zimegeuka manjano, zimenata kwenye kokoto. Na kinyesi, cha msimu huu na cha misimu iliyopita, kimekauka tu bila kuoza, kwa sababu kule juu ni baridi na hakuna udongo wa kukimeza. Mteremko wote ulielekea kwenye maji. Mvua moja tu ingetosha.

Alisimama pale na dumu tupu mkononi. Kisha akateka, kwa kuwa hapakuwa na maji mengine, akayachemsha mpaka sufuria ikataka kuruka.

Jioni, katika hema la jikoni, alimwambia Mkuu alichokiona. Mkuu alikuwa akikausha soksi juu ya mvuke wa chai, na hakuinua macho.

"Shemeji, mavi ya kale hayanuki."

"Hayanuki, lakini yanaua."

Wapagazi waliokuwa humo waliacha kutafuna. Mkuu alikunja soksi zake akatoka nje.

Safari iliyofuata mama alikuja na koleo dogo la bustanini na ndoo yenye mfuniko wa kukaza. Kwa fundi seremala alikuwa amejaza mfuko wa vumbi la mbao. Msituni, mgeni akitaka kwenda haja, alimpeleka mbali na maji, mbali na njia, mbali na kambi. Akamwonyesha namna ya kuchimba shimo la kina cha kiganja kilichonyooshwa na zaidi kidogo, kwenye udongo mweusi ulio hai, kisha kulifukia vizuri na kurudishia majani. Karatasi haikufukiwa, maana wanyama huifukua. Ilitiwa mfukoni ikashuka na mwenyewe. Kule juu kwenye mawe hapakuwa na kufukia kitu. Alisimamisha hema jembamba, akaweka ndoo ndani, na kila aliyemaliza alimwagia vumbi la mbao. Kisha ndoo ikafungwa, ikavikwa gunia, ikashuka mgongoni kwake.

Mgeni mmoja, mtu mzito mwenye ofisi yake mjini, aligoma kabisa. Akasema atajikaza mpaka warudi chini.

"Mwanamume hujikaza msibani, baba," mama alimwambia kwa upole. "Kwa hili utaumia bure."

Kesho yake asubuhi mzee alionekana akikimbilia hema lile huku ameshika mkanda wa suruali. Hakuna aliyemcheka usoni.

Aliyechekwa ni mama. Wapagazi wakamwita Mama Ndoo. Njiani walimwambia, "Mama Ndoo, upepo unavuma huku, hebu baki nyuma kidogo." Alibaki nyuma. Wakati wa kula walisogea, wakamwachia nafasi kubwa kuliko ilivyohitajika, ingawa katika kundi zima yeye peke yake ndiye aliyenawa kwa sabuni kila mara. Getini, mlinzi aliyepima mizigo inayoshuka aliitundika ndoo kwenye mzani akauliza kuna nini ndani.

"Chakula cha juzi," alijibu, na mlinzi akaitundua haraka kuliko alivyoitundika.

Nyumbani hali haikuwa na mzaha. Mama mkwe wake alimtengea sahani na kikombe. "Mwanangu alibeba mizigo ya watu," alisema, "wewe unabeba uchafu wao. Usinipikie." Mama hakubishana. Alipika chakula cha watoto wake, akamwacha mkwewe apike chake, na jiko moja likawa na moto wa aina mbili.

Msimu wa mvua ulipokuwa ukiishia, ugonjwa ukamshika Mkuu mwenyewe kambi ya juu. Ulianza kwa tumbo kumnyonga asubuhi, na kufikia saa sita mchana hakuweza kusimama. Ukungu ulikuwa unateremka. Msaidizi wake alitakiwa awashushe wageni kabla njia haijafungwa, na wapagazi wote walihitajika kwa mizigo. Mtu mmoja alipaswa kubaki. Walitazamana, kisha wakamtazama mama.

"Nendeni," alisema. "Mkifika chini mlete machela."

Shemeji hamwoni shemeji yake akiwa uchi. Wote wawili walilijua hilo, na Mkuu alijaribu kutambaa atoke nje ya hema peke yake, kwenye mvua, mpaka mikono ikamwishia nguvu. Mama alimshika kwapani.

"Niache," Mkuu alisema. "Afadhali nife kuliko wewe kuniona hivi."

"Mdogo wako nilimsafisha mpaka pumzi ya mwisho. Aibu yenu naijua yote. Geukia huku."

Alimweka juu ya ndoo, akamshikilia mabega ili asianguke, akautazama ukuta wa hema. Alimfuta, akamfunika, akanawa mikono na kumnywesha maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Ilikuwa hivyo mchana kutwa, na kesho yake pia. Mvua ilipiga turubai bila kupumzika. Kati ya vipindi vya maumivu Mkuu alilala macho wazi, na mara moja akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Unanilaumu mimi?"

"Kwa lipi?"

"Kule nyuma ya mawe. Mimi ndiye niliyewaonyesha wote mahali pa kwenda. Hata yeye."

Mama alikoroga maji kikombeni, akajaza kijiko. "Hata yeye alikuwa anakwenda hapohapo," alisema. "Nimeshamlaumu, nikachoka. Sasa nabeba tu. Kunywa."

Machela ilikuja ukungu ulipofunguka. Vijana wanne walimnyanyua Mkuu. Mmoja wao, bila kuambiwa, akainama kuchukua ndoo, lakini mama akamtangulia kuishika. "Wewe shika mgonjwa," alisema.

Mkuu alipona, akiwa amekonda na mkimya zaidi. Hakuwahi kuhutubia mtu juu ya jambo lile. Ila kiangazi kilipofika alikusanya wapagazi, akawapa glavu na magunia, akawapandisha mpaka kambi ya juu bila mgeni hata mmoja. Siku hiyo walifanya kazi iliyowainamisha tangu jua linachomoza. Walibandua karatasi kwenye kokoto, wakakwangua mianya ya mawe, wakafunga magunia kwa kamba mara mbilimbili. Hakuna aliyetania. Mkuu alichukua sehemu iliyo karibu zaidi na maji, akaifanya peke yake, na mama akamwacha. Tangu hapo ndoo ilibebwa kwa zamu, na zamu ya kwanza ikawa ya Mkuu. Vikundi vingine viliona. Viwili viliiga, vingine mpaka leo vinakwenda nyuma ya mawe.

Mama mkwe hakubadilika. Alikufa akiwa na sahani yake, na mkwewe alimwosha na kumlilia kama mama mkwe mwingine yeyote.

Magoti ya mama yamekwisha sasa, hapandi tena. Anakaa getini, kwenye kibanda chenye benchi, na kila msafara unaotaka kupanda hupita kwake kwanza. Huwaambia wazi, kwa maneno yaleyale anayotumia kwa wakubwa na wadogo, wataenda haja wapi na watarudi na nini. Vijana, hasa wanaopanda mara ya kwanza, huangua kicheko. Yeye hukunja mikono mapajani, huwasubiri wamalize, kisha huendelea pale alipoishia.