Miplamu Haifuati Mwezi

Kwa miaka miwili Mwatime alikuwa ameweka kwenye kioo cha simu yake picha ya mwanamume aliyemchukia kuliko mtu yeyote duniani. Kila akiifungua simu kutazama saa, Frankline anamchekea, amejifunga skafu shingoni, amesimama chini ya mti ulioinamisha matawi yake hadi karibu na nyasi. Wasichana aliokuwa akiishi nao Al-Mahjar, kusini mwa Jeddah, walidhani ni mchumba.

"Shemeji atakuja lini kutuona?" Sellah alimuuliza siku moja.

"Huyu haji," alisema Mwatime. "Huyu mimi ndiye nitakayemwendea."

Usidhani alizaliwa na roho hiyo. Kwao Msambweni watu walimjua kwa upole, msichana wa kuombwa chumvi akatoa na ndimu. Alifika Riyadh na stashahada ya utalii na mkataba wa halali, akaingia ofisi ndogo ya safari mtaa wa Al-Murabba, juu ya duka la mazulia. Bosi wake, Abu Majid, alikuwa mtu wa mambo ya zamani. Ubaoni kwake hapakuandikwa Januari wala Februari. Safari zote zilipangwa kwa Rajabu, Shaabani na Mfungo Mosi, na ukimwambia serikali yenyewe imeshabadilisha alisema kalenda ya baba yake haijamchelewesha popote. Mwatime hakuona tabu. Kwao pia harusi na maulidi vilihesabiwa hivyo hivyo.

Yote yalianza kwa kikombe cha chai. Mama yake bosi, Mama Hessa, aliletwa ofisini siku moja kwenye kiti chake cha magurudumu, mkononi ana kikombe kutoka Japani alichopewa na marehemu mumewe. Kilichorwa tawi jeusi lenye maua matano. Daktari alikuwa amemwambia kuwa macho yake yanafunga polepole na hayana dawa. Alitaka kuuona mti ule kabla hayajafunga.

Mwatime alirudi na jibu siku ya tatu. "Ni mplamu, mama. Si ule mcheri wanaoupigia kelele watu wote. Mplamu huchanua mapema, baridi ingalipo, na mji mzuri wa kuutazama ni Kyoto."

Hapo akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Miaka mitatu alisoma, akatazama video, akawaandikia barua watunza bustani kwa msaada wa mashine ya kutafsiri, na wale watu, Mungu awabariki, wakamjibu kila mara kwa adabu. Alijua kwamba kwenye hekalu la Kitano Tenmangu kuna miplamu kama elfu moja na mia tano, na kwamba wanafunzi huenda pale kuombea mitihani. Alijua bustani ya Umekoji karibu na stesheni, ambako watoto wanaweza kukimbia wazazi wakikaa. Alijua uwanja mpana wa kasri la zamani la mfalme, na miti yake ya waridi na myeupe iliyochanganyika. Na alijua hekalu la Jonangu, ambako miplamu huinama kama wanawake wanaoosha nywele, na chini yake maua mekundu ya kamelia yameanguka juu ya majani mafupi laini ya kijani kama zulia. Kila mahali aliandika benchi liko wapi, choo kiko wapi, kiti cha magurudumu kinapita wapi na kitakwama wapi kwenye changarawe. Bosi aliuliza kama kuna neno mtu kuingia bustani za mahekalu. Mwatime akamwambia wanakwenda kutazama miti, hawaendi kuisujudia.

"Basi utakwenda naye wewe," alisema Abu Majid. "Mama yangu atasukumwa na wewe. Halas."

Safari ikapangwa katikati ya Shaabani, kwa sababu wateja wa ofisi ile walipenda kutembea kabla ya mfungo. Mwaka ule katikati ya Shaabani iliangukia mwisho wa Februari, wakati wenyewe wa maua. Mwatime akaandika orodha kwa hati nzuri: Shaabani kumi na nne Kitano, kumi na sita uwanja wa kasri, kumi na nane Jonangu. Akanunua jozi mbili za soksi za sufu, zake na za Mama Hessa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Frankline alitoka Kitale, akaja Riyadh kama dereva wa ofisi, na kwa mwaka mmoja tu Kiarabu kikawa kimemkaa mdomoni kuliko wengi waliozaliwa nacho. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kufungua mlango wa gari na mwepesi zaidi wa kuingia mlango wa bosi. Mwatime ndiye aliyemfundisha kukata tiketi. Ndiye pia aliyempa ile orodha aende akaitoe nakala.

Alipoingia kwa bosi nayo, alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba bustani za Kyoto hazipitiki kwa kiti cha magurudumu, kwa hiyo mama atateseka bure. La pili, kwamba Mwatime amemwambia anaogopa safari ndefu za ndege. Kisha akatoka na kumwambia Mwatime jambo la tatu.

"Trip imekatwa, Mwatime. Bosi amesema mwaka huu mafi, hakuna. Usistress, next time."

Mwatime akazikunja soksi. Wiki mbili baadaye akaiona picha kwenye simu. Frankline Jonangu, nyuma yake wakwe wa Abu Majid wamejipanga, na juu ameandika kwamba baada ya miaka mitatu ya research sasa yuko Kyoto live.

Alipanda ngazi za ofisi bila kuhesabu.

"Si wewe uliyesema unaogopa ndege?" bosi alimuuliza.

"Mimi? Na hapa nilikuja na nini, bosi, ngamia?"

Abu Majid hakuzoea kujibiwa hivyo. Haukwisha mwezi, Mwatime akahamishiwa tawi la Jeddah, kupanga majina ya abiria wa mabasi ya umra. Orodha ikabaki kwenye droo ya Frankline, na Frankline akapewa kadi iliyoandikwa mtaalamu wa Asia.

Hapo ndipo alipoiweka ile picha kwenye kioo. Hakutaka kusahau. Watu husema muda huponya, na ni kweli kwa anayetaka kupona. Yeye kila asubuhi alikitonesha kidonda mwenyewe, akanywa chai, akaenda kazini. Alikuwa na chuki iliyotulia, isiyopiga kelele, akiilea kama mtu anayelea kuku wa Idi. Mara moja alijaribu kurekebisha jina la hoteli kwenye karatasi iliyotoka Riyadh. Frankline akamwandikia kwamba yeye abook tu jinsi ilivyoandikwa, research ni department ya wengine. Ujumbe huo Mwatime hakuufuta.

Mwaka uliofuata hapakuwa na safari, maana bosi alipasuliwa goti. Mwaka wa pili, katikati ya Rajabu, karatasi ikaingia kutoka Riyadh: watu kumi na wanne, Kyoto, wakatiwe tiketi na hoteli kabla ya Alhamisi, yalla.

Aliifungua, akaiona orodha yake. Neno kwa neno, hata lile benchi la kushoto mwa lango. Shaabani kumi na nne Kitano. Kumi na sita uwanja wa kasri. Kumi na nane Jonangu. Frankline hakugusa kitu ila mwaka.

Mwatime alicheka mpaka Sellah, aliyefanya naye kazi meza ya pili, akaja kumpiga mgongo akidhani amepaliwa.

Kwao hata mtoto anajua Ramadhani hutembea. Kila mwaka huja siku kumi au kumi na moja mapema, leo iko kwenye joto, kesho iko kwenye mvua. Lakini mkorosho wa mama yake haukuwa ukitembea nayo. Mkorosho haujui Shaabani, hufuata jua lake na mvua zake. Mplamu ni vile vile. Shaabani kumi na nane ya safari hii ilikuwa imerudi nyuma siku ishirini na mbili, ikaangukia mwanzoni mwa Februari, miti ingali vijiti. Frankline aliyajua majina ya miezi yote kumi na miwili na angeweza kukuimbia. Kwamba inatembea hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye si mtu wa kuuliza. Abu Majid angetambua kama angefikiri kidogo, ila mambo ya miti alishamwachia mtaalamu wa Asia.

Akaanza kuingiza majina kwenye mashine, vidole vinacheza. Bosi mwenyewe, sawa. Wakwe wa bosi, sawa. Binamu wa bosi, sawa. Jina la kumi na nne likamzuia mkono. Hessa.

Safari hii mwana alikuwa amekubali kumchukua mama, kiti au bila kiti. Pengine dhamiri, pengine mama alilia. Mwatime alikaa na jina lile siku mbili. Akisema neno moja, bikizee atayaona maua yake, na Frankline ataongoza msafara, apige picha nyingine. Akinyamaza, Frankline ataaibika mbele ya msafara wote, na bikizee atasukumwa kwenye baridi akatazame vijiti kwa macho yake ya mwisho. Hasira ilimwambia anyamaze. Alishangaa jinsi hasira ilivyokuwa karibu kushinda.

Jumatano akapiga simu Riyadh.

"Mama Hessa, ni Mwatime. Mama, usiende nao."

"Kwa nini, binti yangu?"

Mwatime akamweleza, juu ya mwezi unaotembea na miti isiyotembea. Akamweleza pia alivyosingiziwa ndege, na jinsi njia zote za kiti zilivyokuwa zimeandikwa tangu mwanzo.

"Mwanangu aliniambia hazipitiki," alisema bikizee. "Nikakaa nyumbani nikitazama kikombe. Mkwewe akaniletea picha." Akavuta pumzi. "Miti itachanua lini?"

"Ndani ya Ramadhani, mama. Ndiyo maana hakuna atakayekubali kwenda."

"Mimi daktari amenikataza kufunga mwaka wa nne huu. Nakaa ndani nikiona haya kula wenzangu wakifunga. Nitakula mbele ya miti, haitanisema. Na wewe?"

"Nitafunga huko huko, mama."

"Vizuri. Basi mimi nitaugua wiki hiyo ya safari yao. Na wewe usimwambie mtu kitu. Wamezoea kuona kwa niaba yangu, wacha waone."

Mwatime alikata tiketi kumi na nne jinsi ilivyoandikwa. Mama Hessa akaugua kwa wakati, nao wakaondoka kumi na watatu.

Picha zilianza kuingia Shaabani kumi na nne. Watu wazima wamevaa makoti mazito, wamesimama chini ya matawi meusi. Kitano, mti mmoja mwekundu ulikuwa umefungua vitumba vichache, wote kumi na watatu wakauzunguka kwa zamu. Jonangu hapakuwa na kitu. Frankline aliwaambia miti imechelewa mwaka huu kwa ajili ya hali ya hewa. Mlinzi wa bustani, aliyeulizwa kwa simu ya kutafsiri, akacheka kwa heshima na kuwaonyesha kwenye kalenda ya ukutani: njooni mwisho wa mwezi, kama kawaida ya kila mwaka.

Abu Majid alipiga Jeddah kabla hawajatoka bustanini.

"Wewe uliijua! Miaka mitatu uliishughulikia! Kwa nini hukusema?"

"Mimi, bosi? Mimi naogopa ndege," alisema Mwatime. "Research ni department ya Frankline. Nimekutumia ujumbe wake, usome mwenyewe."

Mwatime alisikia upepo wa Kyoto ukigonga kwenye kipaza sauti, akaona raha hadi kwenye nyayo. Sitamtetea. Alikuwa ameisubiri kwa miaka miwili, na alipoipata aliila yote.

Frankline alirudishiwa ufunguo wa gari na kadi yake ikachukuliwa. Mama Hessa alipona siku ile ile waliyorudi, akamwambia mwanawe kwamba atakwenda Kyoto mwezi wa Ramadhani na hatasukumwa na mtu mwingine ila yule binti wa Jeddah. Abu Majid alitia saini kila karatasi aliyowekewa mbele.

Ramadhani kumi na moja, saa tano asubuhi, Mwatime alikisukuma kiti hadi pembeni mwa bustani ya Jonangu, pale pale alipoandika kwamba kinapita. Soksi za sufu zilikuwa miguuni mwao wote wawili. Miplamu ilikuwa imeinama na maua hadi kwenye nyasi, harufu yake nyembamba, na chini kamelia zimelala juu ya kijani. Mama Hessa alimega kipande cha mkate, akatafuna taratibu, akasogeza uso karibu kabisa na tawi.

"Naona ukungu wa waridi," alisema. "Na mstari mweusi. Ni sawasawa na kikombe." Akalia kidogo, kisha akasema, "Tupige picha. Mtumie yule dereva."

Mwatime alitoa simu. Kioo kikawaka, Frankline akamchekea. Akainua macho kutafuta mahali alipokuwa amesimama, akaujua mti kwa pindo la tawi lake la chini, uko hatua nne kutoka kwenye kiti. Akaangalia kioo, akaangalia mti, akarudia tena. Miaka miwili aliitazama picha ile kila siku, asubuhi na jioni, kwenye mabasi na kwenye foleni. Alijua jino la Frankline lililopinda na uzi uliochomoka kwenye skafu yake. Mti wote huu ulikuwa nyuma yake umechanua, na yeye hakuwahi kuutazama hata mara moja.

Aliinua simu, akapiga picha ya Mama Hessa na mti wote nyuma yake.

"Umeituma?" aliuliza Mama Hessa.

"Naituma, mama," alisema, akaituma.