Nilivyomuuza punda wa enzi za Mjerumani

Jamani, leo nimekwenda kuuza skripti ya filamu, nimerudi nikiwa punda.

Nimetoka Kondoa na basi la alfajiri kwenda Dodoma mjini, kuonana na mama mmoja mtayarishaji wa filamu. Skripti yangu ni ya enzi za Mjerumani. Mama wa Kigogo anapitisha mtama wake mbele ya boma la Kilimatinde, kaufunika kwa kuni juu ya punda, askari wasiuchukue.

Nilishaambiwa mtayarishaji hasomewi. Mwigizie, aone picha.

Basi nikaigiza! Pale pale hotelini tulipokutana, watu wanakula ugali na mlenda zao.

Nikawa mama. Nikawa askari. Nikawa Mjerumani mwenyewe. Tulipofika langoni, punda akalia, na mimi nikalia kipunda mpaka mhudumu akaganda na sinia mkononi.



Yule mtayarishaji akafuta machozi. Nikajua nimempata.

Kumbe anacheka.

“Mwanangu, filamu hiyo ni ghali, siiwezi. Ila nina katuni ya watoto, nimekosa sauti ya punda. Hebu rudia.”

Miaka yote ile ya kuandika!

Nikarudia.

Kwa sauti zaidi.

Semeni ukweli, nyie mngekataa?