Matuta ya Baba na Mpaka Usiokuwapo

Mpaka leo nikisikia harufu ya makapi ya kahawa yaliyolowa mvua, yamechanganyika na mbolea ya kuku, hasira hunipanda kabla sijakumbuka ni kwa nini. Ndiyo iliyokuwa harufu ya uwani kwetu Kawempe, mwaka ule Baba alipoamua kwamba hatutanunua mboga tena. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa mama mmoja Mganda aliyezaa mapacha, na kwa sababu ya mapacha hao kila mtu alimwita Nnalongo. Nyuma ya vyumba palikuwa na kipande cha ardhi kilichogeuka bwawa kila mvua iliponyesha. Mama alikuwa amejaribu mchicha pale mara kadhaa, ukaoza kabla haujafika hata kimo cha kidole. Nnalongo alikuwa ameturuhusu kupanda mboga, mboga tu, na Baba akasema dawa ni kujenga matuta yenye kuta, udongo ukae juu ya maji.

Wazo lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Tatizo lilikuwa Baba mwenyewe. Alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka upande wa Arua, wakati huo mlinzi wa shule moja huko Mengo, na mtaa mzima ulimwita Afande. Baba hakuweza kununua kitu ambacho kingeweza kuokotwa. Mabanzi ya mbao yaliuzwa mtaa wa pili tu, karibu na bure, lakini kwake karibu na bure haikuwa bure. Basi tukaokota magunia yaliyochanika na mifuko ya saruji, na makapi ya kahawa nikayabeba kichwani mpaka wenzangu darasani wakawa wanakaa mbali nami. Nguzo za kushikilia magunia alizileta mwenyewe juu ya baiskeli: vijiti vibichi vya ua uliokatwa shuleni na kutupwa. Alivigongomea ardhini kwa mstari mmoja ulionyooka, kutoka ukutani mpaka mwisho wa uwanja, huku mimi nikishika kamba. Kila kijiti kilichopinda kidogo kiling'olewa na kugongwa upya. Kwa nini mchicha ulihitaji kupangwa kama gwaride, sijui mpaka leo.

Nisiwe mchoyo wa kusema kweli: mboga ziliota. Mchicha, sukumawiki na bilinganya zilistawi, na mvua kubwa ilipokuja maji yalipita chini bila kuzigusa. Mama alikuwa akitoka asubuhi kuzitazama kabla hajanawa uso, na sijawahi kumwona ametulia vile. Lakini vijiti navyo vikaota. Vikatoa majani marefu ya kijani kibichi, mstari mzima, na Baba akafurahi kana kwamba ameshinda bahati nasibu. Nguzo zisizooza, akasema, na hazikununuliwa.

Kisha Nnalongo akarudi kutoka kijijini alikokwenda kwenye msiba. Aliingia uwani kutusalimu, akaona mstari ule, na salamu ikamkauka mdomoni.

"Afande, nani alikupa luhusa ya kugawa kiwanja yangu?"

"Hakuna kugawa, Nnalongo. Hii ni mboga tu," Baba akajibu.

"Mboga gani inapandiwa luwaanyi? Hata mutoto wa Kampala anajua luwaanyi ni ya mupaka. Nalikupa nyumba ya kulala, sasa wewe unataka aldhi. Toa hii vitu yote, ama utoke wewe na watu yako."

Ndipo tulipojua. Kwetu mpaka ulikuwa jiwe au kijito; kwa Waganda ulikuwa mmea huo huo aliouokota Baba, na alikuwa ameupanda kwa kamba katikati ya uwanja wa watu. Dawa ilikuwa rahisi: kung'oa vijiti, kuomba radhi, kununua mabanzi. Mama alimsihi hivyo kwa sauti ya chini, kwa siku kadhaa. "Baba Zaituni, ng'oa tu. Watoto watalala wapi?" Naye akawa na jibu moja lisilobadilika: "Nikiving'oa, nimekubali kwamba nilikuwa mwizi." Nilikuwa mtoto, sikuwa na ruhusa ya kumwambia mtu mzima kwamba anatupoteza kwa ajili ya vijiti vya bure. Nililia kwa hasira nyuma ya mlango. Mwisho wa mwezi tulihamia Kisenyi, chumba kimoja nyuma ya gereji, ambako ardhi yote ilikuwa saruji na oili chafu. Mama alibeba bilinganya mbili ndani ya ndoo. Hazikuishi, na baada ya hapo hakupanda kitu tena maisha yake yote.

Leo nina matuta yangu nyuma ya nyumba, ya mabati chakavu, kitu kisichoweza kuota hata ukikiombea dua. Baba ni mzee sasa, anaishi nami, na kila anapoyapita hunikumbusha kwamba mabati yale niliyanunua. Mwezi uliopita nilipita Kawempe nikaona ukuta mpya umekatiza uwanja ule wa zamani, na pembeni yake luwaanyi, kumbe hakuna aliyeziong'oa, zimefika usawa wa paa, zimenyooka vilevile. Jirani aliniambia Nnalongo alifariki, wanawe wakagombana juu ya kiwanja, mpaka wazee wakawaonyesha mstari wa luwaanyi wakisema mama yenu mwenyewe ndiye aliyepanda. Wakakigawa hapo.

Nilirudi nyumbani natokota. Tulifukuzwa kwa sababu ya mpaka ambao haukuwapo. Sasa upo, watu wameujengea ukuta, na sisi hatuna hata futi moja upande wowote. Nikamweleza Baba yote, nikingoja angalau aseme pole.

"Ule upande wa mchicha wa mama yako," akauliza, "amepewa nani?"

"Yule mdogo, Baba."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi amepata udongo mzuri."