Kumwachisha Mara ya Pili

Kwetu Kabuchai, mtoto akikataa kuacha kunyonya hapakwi mama yake pilipili wala hachapwi mtu. Mtoto anapelekwa kwa nyanya yake. Mama anamfikisha, anakunywa chai, kisha anaondoka mtoto akiwa anafukuza kuku, na asionekane tena pale mpaka aitwe. Binti yangu nilimwachisha hivyo. Nilimwacha kwa mama yangu nikarudi Kitale kazini, kifua nimekifunga leso kwa jinsi kilivyokuwa kikiuma. Sikuvumilia. Kesho yake nilirudi hadi kwenye miwa iliyo nyuma ya boma letu, nikasimama humo nikimsikia akilia, maziwa yakanitoka yakalowesha leso na blauzi. Mama alijua niko. Alipita na ndoo yake, hakugeuza kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na ng'ombe, "Ukitoka hapo, tunaanza upya."

Nikarudi Kitale. Aliponiita, nilimkuta mtoto anakula ugali na mrenda, hana habari na kifua changu. Nilifurahi na nilikasirika, yote kwa pamoja, na sikujua nimkasirikie nani.

Naanza na hilo kwa sababu nilipopata kazi Kanada, mama alisema tutumie njia ileile.

Mimi ni mpishi. Napika kwenye hoteli moja ya Kitale, hoteli ya kula, si ya kulala: chapati, ndengu, matumbo, na ugali wa wapakuzi wa magunia ambao hawataki utani na sahani. Mwanamke mmoja tuliyesoma naye, aliyekwenda Kanada zamani, ndiye aliyenikutanisha kwa simu na mwenye mkahawa katika mji mdogo wenye baridi na shida ya wapishi. Mzee huyo aliniambia nikate kitunguu akinitazama kwenye simu. Nikakikata. Akaniambia nikate kingine, polepole, maana cha kwanza hakukiona. Basi akanitaka.

Lakini kule mwajiri kukutaka hakutoshi. Jimbo lake lilikuwa na mpango wa kupendekeza wafanyakazi wa kigeni: lenyewe linasema linahitaji kazi gani, mwajiri anasema anamtaka nani, jimbo linapeleka jina lako kwa serikali kuu, na serikali kuu ndiyo inayofungua mlango. Wapishi walikuwa miongoni mwa waliohitajika. Ningetangulia mimi, nifanye kazi, nipate nyumba, kisha binti yangu anifuate. Baba yake alishaoa kwingine, na juu yake sina la zaidi la kusema. Kijana wa saiba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti pale mjini, alinifungulia akaunti kwenye tovuti ya jimbo, akaniwekea kila kitu, hata neno la siri akabaki nalo yeye kwa sababu mimi husahau. Tulikuwa tunangoja tu kupendekezwa. Kila mtu aliniambia hilo ni jambo la kungoja tu, na mimi nikaamini, kwa kuwa nilitaka kuamini.

Mama alikuja Kitale mwenyewe kulizungumza. Alisema mtoto akiachwa uwanja wa ndege atalia mpaka augue, kwa hiyo afadhali azoee mapema. Nimlete Kabuchai, ahamie shule ya huko, na mimi nisionekane. Simu nipige Jumapili pekee, tena fupi. Nilimwambia huyu sasa ni mtoto wa shule, si wa kunyonya. Akanijibu kwamba ndiyo maana itachukua muda zaidi.

Nikampeleka. Safari hii sikuweza kutoweka akifukuza kuku, maana alikuwa amenishika sketi. Mama alimtuma ndani akalete chumvi, na aliporudi na chumvi mimi nilikuwa barabarani. Najua alirudi nayo kwa sababu mama aliniambia kwenye simu, kama habari njema, kwamba alisimama na ile chumvi mkononi lakini hakulia sana.

Nilipofika Kitale nikaanza kugawa vitu. Pazia nilimpa jirani. Kitanda nilimpa shemeji wa jirani. Nikanunua sanduku na sweta nzito za mitumba, nikazipanga humo, na nikawa nalala kwenye godoro chini nikilitazama sanduku. Mwenye hoteli, mtu mwenye haraka kuliko mimi, akaleta mpishi mwingine nimfundishe kabla sijaondoka. Kanisa likaniombea, wamama wakanivisha leso mabegani, wakaimba. Nilikuwa nimeondoka kwa kila namna, ila tu nilikuwa bado niko Kitale.

Huwezi kujua uchovu wa hali hiyo mpaka uishi ndani yake. Watu wananikuta sokoni wanashtuka: "Kumbe bado uko?" Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikawa naenda sokoni kupitia njia ya nyuma, kama mtu aliyeiba kuku. Jikoni tulikuwa wapishi wawili na jiko moja; yule mgeni akitia chumvi, nami natia chumvi, wapakuzi wanalalamika, na mwenye hoteli ananitazama mimi. Nikitoka nje kupumua naona pazia langu kwenye dirisha la jirani, limemkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Simu ilikuwa mkononi muda wote. Nilikuwa naifungua bila sababu, naifunga, naifungua tena kabla haijapoa.

Jumapili nilipiga Kabuchai. Mwanzoni mtoto aliuliza nakuja lini. Kisha akawa anaeleza habari za ndama. Kisha akawa anasema, "Kukhu yuko hapa, ongea naye," na simu inahamia kwa mama, ambaye aliipokea kwa sauti ya ushindi.

Halafu kijana wa saiba akanipigia, akasema nipite. Hakutaka kuniambia kwenye simu, na miguu yangu ilielewa kabla yangu. Nilipofika alinivutia kiti, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Madam, wamebadilisha," alisema. "Wapishi wametolewa. Sasa wanataka watu wa hospitali na wa mjengo, na wale wako huko tayari ndio wa kwanza. Nafasi zenyewe zimekatwa, bana. Si uangalie mwenyewe."

Nikaangalia. Sikuona kitu, maandishi yalikuwa yanatembea. Nilimuuliza kama nimekataliwa. Akasema hapana, na hapo ndipo palipo na ubaya. Waliokuwa kwenye foleni hawakukataliwa. Walitakiwa kuthibitisha upya, kabla ya ukurasa kufungwa Ijumaa, kwamba bado wanataka kungoja, maana huenda orodha ya kazi ikabadilika tena. Asiyethibitisha, jina linatoka. Anayethibitisha, anangoja, na hakuna anayesema mpaka lini. Mzee wa mkahawa alikuwa ameandika pia, kwa upole, kwamba ameshauriwa atafute mpishi aliye karibu, lakini anaombea mlango ufunguke tena.

Kijana alikuwa tayari kubonyeza pale pale. Nikamwambia angoje. Akashangaa, na mimi nikashangaa, kwa kuwa tangu zamani mimi ndiye niliyekuwa nikimharakisha.

Nilimpigia mama nikiwa bado nimesimama mlangoni pa saiba. Nilimweleza yote, nikamwambia nakuja kumchukua mtoto. Akauliza kama wamenikataa kabisa. Nikasema hapana.

"Basi acha mtoto," alisema. "Amezoea. Ukikuja sasa unamharibu, na hao watu wakikuita mwezi ujao utamleta hapa mara ya tatu? Mimi siwezi kuachisha mtoto mmoja mara tatu."

Nilimkasirikia mama kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kama nitabaki kwenye foleni, mtoto lazima abaki Kabuchai, azoee zaidi, na mimi nisionekane. Kama nitamchukua, sina budi kuiacha foleni, baada ya kuombewa na kuimbiwa na kugawa kitanda. Nilizunguka mji mzima na hilo kichwani. Nilipita sokoni, njia ya mbele safari hii, na mtu akauliza kama bado niko, nikamjibu vibaya. Alikuwa mwalimu wangu wa shule ya Jumapili.

Asubuhi iliyofuata niliondoka bila kumwambia mama. Niliposhuka nilipita kando ya miwa ile, ilikuwa mirefu kama wakati ule, na kwa muda fulani nilisimama nayo. Kisha nikajiambia mimi si mwizi, nikaingia kwa lango.

Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Aliweka ungo chini, na kwa mama kuweka ungo chini ni kusema mengi. Nikakaa. Saa ya watoto kutoka shule ikafika, na binti yangu akaingia na mkoba wake mgongoni, mrefu kuliko nilivyomwacha, akaniona. Nilisimama nikanyoosha mikono yote miwili.

Akanipa mkono mmoja. Alinisalimia kama watoto wa kwetu wanavyofundishwa kusalimia wageni, goti likikunjwa kidogo, macho chini. Kisha akaingia ndani, akarudi na maji ya kunawa na beseni, akaninawisha. Akaenda tena akaleta chai. Alikuwa ameitia kwenye kikombe cha maua, kile kinachokaa kabatini kwa ajili ya pasta na watu wa mahari. Mimi kwetu nakunywa kwa kikombe cha bati, tangu nikiwa na umri wake, na yeye anajua.

Nilimuuliza kama anajua mimi ni nani. Akacheka kidogo, akasema si ni mama. Nikamuuliza mbona basi ananipa kikombe cha wageni. Akamtazama nyanya yake kwanza.

"Kukhu alisema ukikuja nisilie," akasema. "Alisema ukikuja ni kukuja kuaga."

Mama aliokota ungo wake akaanza kupepeta maharagwe ambayo tayari yalikuwa safi. Mimi nilikunywa ile chai yote, ya moto hivyo hivyo, nikaunguza ulimi. Kisha nikasema naenda naye Kitale. Nilitegemea ugomvi. Mama aliuliza tu kama nimeamua ama bado naangalia simu. Nikasema nimeamua. Haikuwa kweli, na alijua, lakini alimwambia mtoto afunge nguo.

Mtoto alifunga nguo chache, za kulala na moja ya kanisa, kama mtu anayekwenda kusalimia na kurudi. Mama alipomwambia aongeze, alijibu kwamba zinatosha.

Kitale alishangaa kukuta hakuna kitanda wala pazia. Nilimwambia tutanunua. Hakuuliza lini. Aliweka begi lake kando ya sanduku langu, yakakaa pamoja ukutani, na wala hakutoa nguo zake kuzipanga. Akitaka nguo alivuta moja, akafunga zipu tena. Alikuwa mtoto mzuri mno. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Alisema asante kwa kila kitu, hata kwa ugali. Nilitamani anisumbue kidogo, avunje kitu, agome kula, nipate sababu ya kumfokea kama mama anavyomfokea mtoto wake.

Nami sikutulia. Nilijua foleni bado ipo. Nikikoroga sufuria nawaza pengine wapishi watarudishwa kwenye orodha mwezi mmoja baada ya mimi kutoka, na nitajichukia maisha yangu yote. Nikimsuka mtoto nywele, simu iko kwenye goti. Kijana wa saiba alinitumia ujumbe, nikausoma, sikujibu, nikausoma tena. Siku ya Ijumaa nilimwomba mwenye hoteli ruhusa nitoke mapema, na mpaka leo siwezi kusema kwa uhakika kama niliomba ili niende saiba au ili niende nyumbani. Miguu ilinipeleka nyumbani.

Nilikuwa nakata mboga ya sukuma, mtoto yuko ndani akifanya kazi ya shule aliyotoka nayo Kabuchai, simu ikalia. Nikaipokea kwa mkono wenye maji. Kijana alisema ako karibu kufunga na ule ukurasa wa jimbo nao unafungwa, yeye amekaa nao wazi, nimwambie neno moja tu abonyeze.

"Nithibitishe ama?" aliuliza.

Sauti yake ni kubwa, inasikika hata ukiweka simu mfukoni. Nikageuka kutazama kama mtoto amesikia. Hakuwa kwenye kitabu chake tena. Alikuwa amesimama mlangoni, viatu amevaa, begi mkononi, ameshikilia fremu ya mlango kwa ule mkono mwingine. Hakuwa analia. Alikuwa amekaza midomo kama alivyofundishwa, akingoja nimwambie kama gari la kumrudisha Kabuchai limefika.

Nikamwambia kijana hapana, aache, afunge aende nyumbani. Akauliza kama nina uhakika, nikakata simu, kwa sababu uhakika sikuwa nao na muda wa kuutafuta sikuwa nao pia. Nikapiga magoti mbele ya binti yangu na mikono yangu yenye maji nikaanza kumvua viatu. Alikuwa amefunga kamba kwa mafundo ya haraka haraka, nikashindwa kuyafungua, nikaanza kulia kwa hasira. Ndipo naye akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mpaka jirani akasogeza pazia langu kuangalia kuna nini.