Gesi Katika Mshipa wa Mume Wangu

Mguu wa kushoto wa mume wangu ulianza kuvimba mwaka ule aliponunua lori lake mwenyewe. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, Makambako ilijaa wafanyabiashara kutoka kila mkoa, nasi tulikuwa miongoni mwao. Alikuwa akipeleka mitumba na soda Songea, anarudi na mahindi. Alisema ni kukaa sana kwenye usukani. Baadaye kiatu kikagoma kuingia.

Hospitali ya kwanza walimchoma dawa ya rangi ili mishipa ionekane kwenye eksirei. Kabla picha haijapigwa, midomo ilimvimba, pumzi ikamkata. Walimwokoa, lakini wakaniambia asichomwe dawa ile tena maishani mwake. Mguu ukazidi kuvimba hadi ngozi ikawa inang'aa.

Wakatuelekeza hospitali ya misheni nje ya Njombe, ambako daktari mgeni alikuwa anachunguza mishipa. Ilikuwa Julai, na ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye madirisha ya wodi. Mdogo wa mume wangu alitusindikiza.

"Nataka kuona mshipa umeziba wapi," daktari alisema kwa Kiswahili cha polepole. "Dawa ya rangi haiwezekani. Nitatumia gesi."

"Gesi gani?" mume wangu aliuliza.

"Ile tunayoitoa tukipumua. Ndiyo iliyomo kwenye soda."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Shemeji yangu, aliyewahi kufanya kazi zahanati, alinivuta kando.

"Shemeji, hewa ikiingia kwenye mshipa mtu anakufa. Sisi hata sindano tulikuwa tunaigonga kwanza, hewa itoke."

Nilirudi kwa daktari nikamwambia hivyo hivyo. Hakukasirika.

"Ni kweli, hewa ya kawaida inaweza kuua," alisema. "Hii inayeyuka kwenye damu, inafika mapafuni, anaitoa. Ila lazima iwe safi, na iingie kidogo kidogo."

"Na isipokuwa safi?"

"Ndiyo maana nitaijaza mwenyewe."

"Mwache afanye, mama," mume wangu aliniambia. "Kwa mguu huu siendeshi tena."

Sista mmoja alinivika aproni nzito ya risasi ya kukinga mionzi, akaniruhusu kusimama mlangoni. Mtungi wa gesi ulikuwa pembeni, wa kijivu, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Daktari alivuta gesi kwenye bomba la sindano, akaitoa yote, akavuta tena, akaitoa tena, ili hewa ya chumbani isichanganyike humo. Walimwinua kiuno juu ya mito, mguu ukabaki chini, kwa sababu gesi hupanda. Kisha akaiingiza kidogo kidogo kwenye mshipa wa mguu, akamwambia, "Usipumue."

Mashine ilivuma ikanyamaza.

"Pumua."

Hakupumua. Macho yake yalikuwa darini, wazi, na sista alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake. Ndipo kifua kikapanda, akageuza shingo. "Mmeshaweka?" aliuliza.

Shemeji alisema Alhamdulillahi kwa sauti, na sista wa Kikatoliki akaitikia kwa kichwa. Niliamini kibaya kimepita.

Picha ilipokauka, daktari aliniita mimi na shemeji mbele ya taa yake. Gesi ilikuwa njia nyeusi iliyopanda pajani. Ilipofika kinenani ikawa nyembamba kama uzi, ikapinda upande, ikakatika.

"Ni damu iliyoganda?" shemeji aliuliza.

"Ningependa iwe hivyo. Damu iliyoganda hukaa ndani ya mshipa. Huu umesukumwa, unabanwa kutoka nje." Aliweka kidole pembeni ya ule uzi, mahali ambapo mimi sikuona chochote. "Kuna kitu hapa."

"Kitu gani?"

"Sijui bado, mama." Lakini hakunitazama. Alitazama kupitia mlango uliokuwa wazi, chumba cha pili, ambako mume wangu alikuwa akivaa soksi na kumwuliza sista jinsi ya kujibu mtu akikusalimu "kamwene" kwa lugha ya pale.

Walimpasua wiki iliyofuata. Ulikuwa uvimbe, umeshikana na kila kitu, wakamshona bila kuutoa. Alipopata nafuu ya kukaa, alianza kumfundisha mdogo wake kuendesha lori kwenye barabara ya Kitandililo, karibu na nyumbani, yeye kiti cha abiria, mguu ameuegemeza juu ya dashibodi, akimwambia apunguze gia kabla ya kona. Alikufa mahindi ya msimu uliofuata yakiwa bado shambani.